Fizikia ya Mpemba, na sisi tunaopewa mada nyepesi

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Niko hai, niko mwaka wa tatu, bumu limekata tangu wiki iliyopita na mlo ni ule ule, maharage na chapati mbili kwa mama lishe nyuma ya hosteli. Ila leo siongelei bumu. Leo nimekasirika, na nimeona bora niandike kabla hasira haijapoa.

Kisa chenyewe ni hiki. Fizikia mwaka wa mwisho lazima kila mtu afanye utafiti mdogo. Unachagua mada, unaandika kurasa tatu nne za andiko, unampelekea msimamizi. Akisaini, unaanza. Asiposaini huna utafiti, na bila utafiti huvai joho, hata kama masomo mengine yote umepasua. Juzi Jumanne nikapanda ngazi hadi ofisini kwa msimamizi wangu na andiko langu mkononi.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Haya, lete tuone."

Akasoma kichwa: uigaji wa athari ya Mpemba katika mfumo mdogo wa kwanta kwa kutumia kompyuta. Akacheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha mwenye nyumba ukimwambia kodi utalipa mwezi ujao. Akasema, "Mwanangu, kwanta waachie wenzetu wenye maabara. Mpemba ni aiskrimu. Chukua mada humu." Akanipa orodha ya mada kumi na mbili, akaniambia Ijumaa nirudi na moja.

Nikatoka na orodha yangu. Nikaenda maktaba. Mada ya tatu kwenye orodha ile, ya kupima mionzi ya jua juu ya paa, nimekuta imeshafanywa mara nne tangu 2016. Zote zina jalada la bluu, na sura ya pili inafanana hadi koma. Hiyo ndiyo mada salama. Ile yangu ndiyo ya hatari.

Sasa ngoja niseme ninachokiamini, halafu mnipinge mkitaka. Nasema hivi: kutuambia kwamba utafiti wa kwanta si wa kwetu ni uongo, na ni uongo unaotugharimu. Na kati ya mada zote za kwanta duniani, kumkataza Mtanzania asiguse hii ya Mpemba ni kichekesho.

Tuanze na Mpemba mwenyewe, maana wengi tunalijua jina tu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari pale Magamba. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: chemsha maziwa, tia sukari, subiri yapoe, weka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa inagombewa. Mpemba kuona atakosa, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu akakuta yake yameganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, na huko mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likawa linamtania kwa maneno hayo kila akikosea.

Siku moja akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akanyanyua mkono: ukichukua maji sawa kwa ujazo, moja nyuzi 35 na jingine nyuzi 100, ukayaweka kwenye friza, yale ya nyuzi 100 yanaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini, lakini alifanya kitu ambacho ndicho ninachokililia leo: alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wakatoa makala pamoja katika jarida la Physics Education, kijana na mhadhiri.

Msinielewe vibaya. Sisemi Mpemba alishinda kesi. Aristotle naye aliwahi kuandika jambo kama hilo zamani za kale, na hadi leo kwenye maji ubishi haujaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kiliweka zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Halafu mwaka 2016 Burridge na Linden wakapima upya wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto huwahi kupoa. Kumbe hata mahali unapochomeka kipimajoto kunaweza kukudanganya. Sawa, hiyo ndiyo sayansi.

Ila swali halikufa, lilihama. Watu waliacha kuuliza kuhusu maji, wakauliza kwa ujumla: je, kitu kilicho mbali zaidi na utulivu kinaweza kufika kwenye utulivu kabla ya kilicho karibu? Mwaka 2017 Lu na Raz wakaonyesha kwa hesabu kwamba inawezekana. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, wakaionyesha kwa chembe ndogo inayoelea majini. Na mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese wakaipeleka kwenye kwanta, katika jarida la Nature Communications.

Hebu niieleze kama nilivyomweleza mwenzangu wa chumbani, ambaye anasoma uhasibu. Chukua mstari wa sumaku ndogo ndogo, kila moja ni atomi. Zote zimesimama wima. Sasa ziinamishe zote kwa pembe moja. Umeharibu ulinganifu: mwanzo ungezizungusha kama pia usingeona tofauti, sasa unaona zimeelekea upande. Ziachie ziendelee zenyewe kwa kanuni ambazo hazipendelei upande wowote. Ukikitazama kipande kidogo tu cha mstari, kadiri muda unavyokwenda mwelekeo ule unafutika, kwa sababu kila sumaku inafungamana na wenzake na habari ya upande inatawanyika mstari mzima. Ulinganifu unarudi. Swali: mstari ulioinama sana na ulioinama kidogo, upi utawahi kurudi? Akili ya kawaida inasema ulioinama kidogo. Hesabu inasema, chini ya masharti fulani, ulioinama sana ndio unawahi. Yaani ya moto yameganda kwanza.

Mwaka 2024 watu wa Innsbruck, Austria, wakaiona kwa macho katika ioni 12 za kalsiamu zilizonaswa kwa umeme na kuchezewa kwa leza. Mwaka huo huo watu wa Taasisi ya Weizmann wakaonyesha kinyume chake, kwamba kilicho baridi zaidi kinaweza kuwahi kupata joto, kwa ioni moja tu ya strontiamu. Makala hizo mbili za 2024 zina jina la Mpemba kwenye kichwa. Wazungu, Wahindi, Wachina na Wajapani wanaliandika kila mwezi. Sisi tunaambiwa ni aiskrimu.

Haya, tuje kwenye hoja ya Dokta: maabara. Kweli, ioni za Innsbruck siwezi kuzinasa hapa. Umeme wenyewe ukikatika tunanaswa sisi. Lakini mimi sikuomba leza. Niliomba kuiga kwa kompyuta. Twende kwenye namba, maana namba haina undugu.

Ili kuandika hali ya sumaku moja ya kwanta unahitaji namba changamano mbili. Kila ukiongeza sumaku, idadi inazidishwa kwa mbili. Sumaku 12 ni namba 4,096. Kila namba inachukua baiti 16, jumla baiti 65,536, sawa na kilobaiti 64. Picha moja uliyopiga kwenye send-off ya dada yako ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa! Sumaku 20 ni megabaiti 16. Sumaku 30 ni gigabaiti 16, hapo laptopu ya mwenzangu inagoma. Sumaku 50 ni petabaiti 16, yaani gigabaiti zaidi ya milioni 16, na hapo hata kompyuta kubwa za mataifa zinatoka jasho. Ndiyo maana Feynman mwaka 1981 alisema tujenge kompyuta zenyewe ziwe za kwanta. Ila sumaku 12, zile zile 12 za Innsbruck, zinaenea kwenye laptopu ya mtumba. Programu ni Python, ya bure. Hesabu ni matriksi za mwaka wa pili. Makala zinapatikana bure kwenye arXiv, iliyoanza 1991. Na anayetaka kugusa mashine halisi, IBM waliweka kompyuta ya kwanta mtandaoni mwaka 2016, ya kyubiti 5, watu wakaitumia wakiwa kwao. Sasa maabara gani inakosekana hapo?

Hoja ya pili: nchi inahitaji vitu vya manufaa, jua, maji, umeme. Hii ndiyo inayonichoma kuliko zote, maana inasemwa kama vile kwanta iko upande mwingine wa mto. Paneli ya sola ni nini? Ni silikoni inayopokea mwanga kwa vifurushi, na kifurushi kisichofikisha kama elektronivolti 1.1 hakitoi elektroni hata kiwe kimepigwa na jua la Dodoma saa saba mchana. Hiyo ni kwanta tupu, habari ya Einstein ya mwaka 1905 iliyompa Nobel ya 1921. Anayepima wati za paneli bila kugusa hilo amesoma mita tu, fizikia iko chini ya mita. Sidharau kupima jua. Nauliza kwa nini tunapima lile lile kila mwaka, halafu dutu mpya za paneli watufanyie wengine.

Tena hapo ndipo kwanta ya mezani ina kazi kabisa. Kuna programu ya bure inaitwa Quantum ESPRESSO, inakokotoa jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya dutu kabla hujaitengeneza. Kuna shule ya Kiafrika ya mambo hayo, ASESMA, ilianza Cape Town 2010 na mwaka 2012 ilikuwa Eldoret, hapo jirani tu. Kigali kuna taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki iliyo mshirika wa ICTP, kile kituo cha Trieste alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Salam alikianzisha kwa sababu alirudi kwao Lahore akajikuta mpweke, hana wa kujadiliana naye, mpaka ikabidi aondoke. Na 2025 ulipokuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta, azimio lake rasmi lilipelekwa Umoja wa Mataifa na nani? Ghana, Mei 2024. Wenzetu hao wana maabara ngapi za kunasa ioni? Hawakusubiri.

Hoja ya tatu Dokta hakuisema, nimeisikia kwenye korido: kijana asije akapoteza muda. Jamani. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose alikuwa mhadhiri Dhaka, hana shahada ya uzamivu, akaandika makala fupi akamtumia Einstein kwa posta. Einstein akaitafsiri kwa Kijerumani mwenyewe ikachapishwa. Leo moja ya jamii mbili za chembe za ulimwengu inaitwa bosoni. John Clauser aliambiwa na wakubwa zake kwamba kupima ile nadharia ya John Bell ya 1964 ni kupoteza muda. Mwaka 1972 yeye na Stuart Freedman wakaipima Berkeley kwa vifaa vya kuokoteza okoteza. Mwaka 2022 akapewa Nobel. Aliyepewa naye, Alain Aspect, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anafundisha Kameruni, na ni huko Kameruni, muda wa ziada, alipokaa na kitabu cha Cohen-Tannoudji na wenzake akaisoma kwanta upya. Cohen-Tannoudji naye kazaliwa Constantine, Algeria. Yaani kwanta ilishasomwa usiku kwenye ardhi ya Afrika, taa ikiwaka, mbu wakiuma, na ikazaa matunda. Ila aliyekuwa anaisoma alikuwa mgeni.

Na sisi wanafunzi tusijifanye malaika. Nani anayependa ile orodha kuliko sisi? Mada ya jalada la bluu ina desa lake tayari. Unabadilisha mwaka, unabadilisha jina la paa, unakula B yako unaondoka. Nilipowaambia wenzangu darasani mada yangu, mmoja akaniuliza, "Itaniletea kazi?" Nikamuuliza ya paa imemletea nani kazi. Kimya. Somo lenyewe la kwanta tunalisoma kwa kukariri chembe ndani ya sanduku, maana swali la chembe ndani ya sanduku hutoka kila mtihani. Tunatoka tumefaulu na hatujui inatumika wapi.

Matokeo yake mnayaona mitaani. Neno kwanta limeachiwa wauza dawa. Unaingia kiduka, unashikishwa fimbo ya chuma, mashine inaitwa ya kwanta, inachapa karatasi kwamba ini lako limechoka na figo lina sumu, halafu unauziwa makopo matatu. Mama yangu mdogo ametoa hela ya mbegu za msimu kwa karatasi hiyo. Mashine ya kweli inayotumia kwanta kuona ndani ya mwili ipo, ni MRI. Inatumia spini ya viini vya haidrojeni, na kwa kawaida hutumia sumaku ya tesla 1.5 hivi, inayojaza chumba kizima. Haishikwi kiganjani. Nilimweleza mama mdogo, akaniuliza, "Sasa mbona nyie wasomi hamkusema?" Nikakosa jibu. Kwanta imeruhusiwa kuuza makopo, ila hairuhusiwi kuwa mada ya utafiti.

Kuna hoja moja ya Dokta ambayo naikubali, na nitaisema ili nisiwe mwongo. Hakuna aliyebobea hapa kwenye jambo hili. Nikikwama, wa kunikwamua hayupo karibu. Na nikimaliza, nitakuwa nimerudia kazi ya watu wengine ya 2023, sijagundua kitu. Kweli kabisa. Lakini kurudia kazi ya 2023 kwa mkono wako mpaka ikubali ni kujifunza, kurudia ya 2016 kwa kunakili ni kudesa. Na Osborne naye hakuwa amebobea kwenye aiskrimu. Alichokuwa nacho ni kusema, ngoja tujaribu.

Kwa hiyo jana usiku nikajaribu. Mwenzangu kaniachia laptopu saa nne. Nimeanza na sumaku 8, mistari miwili kwenye grafu ikaenda sambamba kama reli, haikukutana. Nikajua nimekwisha. Saa nane usiku nikagundua nimekosea alama ya kutoa kwenye mlinganyo mmoja. Nikarekebisha, nikaweka 12, kipande cha sumaku 4, pembe mbili tofauti. Ule mstari wa pembe kubwa ukaanzia juu, ukashuka, ukashuka, ukaukata ule wa pembe ndogo na kupita chini yake. Nimerudia mara tatu. Sijui bado kama ni athari yenyewe au ni ufupi wa mstari wangu unanidanganya. Hilo ndilo swali la utafiti, na sasa ni langu.

Mjomba kanipigia asubuhi, kasikia habari. Kasema, "Saini ya mtu mmoja isikupotezee mwaka, mwanangu, chukua hiyo ya paa umalize, mdogo wako naye anasubiri ada." Mjomba ana haki. Ndiye aliyeuza ng'ombe. Sijampinga, nimemwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Ijumaa napanda ngazi na andiko lile lile, kichwa kile kile, na grafu imebandikwa ukurasa wa kwanza. Nitamwamkia Dokta kwa heshima zake zote, na nitamwomba kitu kimoja, atazame pale mistari inapokatana kabla hajacheka. Akikataa tena nitachukua mada ya paa, nitapima jua, na hii nitaifanya usiku.

Jumamosi nitawaambia ilivyokwenda. Maoni ruksa, matusi hapana. Na anayejua pa kuprinti rangi kwa chini ya shilingi mia tano karibu na chuo anistue, maana nyeusi na nyeupe mistari yote miwili inaonekana sawa.